Nchi Isiyoumwa Macho

Iko nchi moja, haipakani na nchi yoyote unayoijua, na viongozi wake hawafanani na kiongozi yeyote uliyewahi kumsikia. Nalisema hili mapema ili tusije tukakosana mbele ya safari. Ni nchi nzuri, ina vilima, ina mito, na ina vibali. Inasifika hasa kwa vibali. Mwananchi wa huko huchukua kibali cha kujenga nyumba, kisha kibali cha kuezeka, na masika yakikaribia huchukua kibali cha kuingia ndani. Vibali vyote hutolewa na Idara ya Vibali iliyoko katikati ya mji mkuu, na humo ndimo yalimotokea haya ninayokusimulia.

Zamani vibali viliandikwa kwa mkono. Kisha Mtukufu Kiongozi alisafiri kwenda nchi za mbali, akapitishwa kwenye ofisi kubwa ambamo watu wengi walikuwa wameketi mbele ya kompyuta, kimya kabisa. Akauliza wanafanya nini. Wenyeji wake wakamjibu kwamba wanafanya kazi.

"Wananyamaza hivi kila siku?" akauliza.

"Kila siku, Mtukufu."

Aliporudi nyumbani akaagiza kompyuta.

Kompyuta zikaja. Viti havikuja, kwa sababu zabuni ya viti ilikuwa inagombewa na mashemeji wawili wa wakubwa, na busara ilitaka kwanza wapatane. Kwa hiyo kompyuta ziliwekwa juu ya meza za juu za kufanyia kazi wima, zilizokuwa zikitumika kukatia karatasi, na watumishi wakakalia mabenchi ya ukumbi wa wateja. Ukiketi, kidevu kilifika usawa wa kibodi, na skrini ikawa juu yako. Watumishi wa Idara wakafanya kazi kutwa nzima shingo zikiwa zimeinuliwa kama makinda yanayosubiri kulishwa. Mwanga wa skrini ulifungwa kwenye kiwango cha juu usiweze kupunguzwa. Waziri wa Mwangaza alieleza kwamba serikali imelipia mwanga wote, na haitavumilia kuona sehemu yake inakaa bure. Madirisha nayo yakapakwa rangi nyeupe, ili mambo ya nje yasiwasumbue watu walio kazini.

Katika chumba cha vibali vya ujenzi alifanya kazi mama mmoja, Mwajabu Kitogo. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye mwandiko uliosifiwa enzi za kalamu, na hakuwahi kugombana na mtu. Baada ya miezi michache mbele ya skrini alianza kuamka na kichwa kizito. Kisha macho yakaanza kumwasha kama yamemwagiwa mchanga, yakitoa machozi asubuhi na kukauka mchana. Shingo ikakakamaa upande mmoja. Vidole vikaingia ganzi. Aliporudi nyumbani alimwona mumewe kwa ukungu, na mumewe, mtu wa mizaha, akasema basi mwaka huu hatanyoa ndevu.

Hakuwa peke yake. Ludovia, binti aliyekaa naye benchi moja, mwenye mtoto mchanga, alikuwa akiona kila herufi na pacha wake. Chumba kizima kilikuwa kikisugua macho. Lakini aliyethubutu kwenda zahanati ni Mwajabu.

Daktari wa zahanati ya Idara alikuwa Daktari Urasa, kijana aliyekuwa bado hajazoea nchi. Alimwangalia macho kwa kurunzi, akamgeuza shingo, akasema:

"Mama, ugonjwa wako si mkubwa. Unakodoa macho muda mrefu bila kupepesa, tena mahali penye mwanga mkali, tena umekaa vibaya. Kila baada ya muda kidogo acha skrini, toka nje, angalia mbali. Vile vilima kule ng'ambo vinatosha."

"Niangalie nini huko vilimani, daktari?"

"Chochote. Macho yapumzike tu."

Mwajabu alirudi na maneno hayo kwa Mkurugenzi wake, Bwana Sifuni Mtambalike. Huyu Bwana Mtambalike alikuwa muungwana mwenye sauti nene, na kompyuta yake ilikuwa bado imefunikwa kwa kitambaa cha kufuma ili isiingie vumbi.

"Kuangalia mbali," alirudia polepole. "Mwajabu, mama yangu, katika nchi hii yuko mtu aliyepewa kazi ya kuangalia mbali. Sisi wengine tunaangalia tulichopewa."

"Ni macho tu yanauma, Mkurugenzi."

"Na mwingine akija akisema ni macho tu? Na mwingine? Mwisho wake Idara nzima iko uani inaangalia mbali." Alifikiri. "Nitalifikisha juu."

Akalifikisha juu. Huko juu likapokewa kwa uzito, maana ilikuwa mara ya kwanza neno maumivu kutoka ndani ya ofisi yenye kompyuta za Mtukufu. Ikaundwa Tume ya Kitaifa ya Macho. Tume ilikwenda kujifunza katika hoteli moja kando ya ziwa, ikajifunza sana, na wajumbe wawili wakanenepa. Iliporudi ikatoa matokeo mafupi, kwamba chanzo cha kuumwa macho ni macho. Kompyuta hazina hatia. Ikapendekeza watumishi wote wapimwe, ili ijulikane ni nani analeta macho mabovu kazini.

Sasa kupima macho kunahitaji bango la kusomwa ukutani. Daktari Urasa alileta la kawaida, lenye herufi zilizotawanywa, kubwa juu na ndogo chini. Waziri wa Mwangaza alilishika kwa ncha za vidole.

"Hili limeandikwa nini?"

"Halina maana, Mheshimiwa. Ni herufi tu."

"Daktari, unataka watumishi wa umma wasimame mbele ya ukuta wa serikali wasome kitu kisicho na maana?"

Daktari alikosa jibu, na kwa kukosa jibu akahamishiwa mpakani. Waziri akaagiza bango lenye maana, yaani lenye kaulimbiu ya taifa, ile ambayo mtoto wa huko huimba kabla hajajua jina la babake: KIONGOZI ANAWAONA WOTE. Iandikwe kubwa juu, halafu ndogo, halafu ndogo zaidi, mpaka chini kabisa.

Kazi ya kulichapa ilimwangukia Ludovia. Alipewa jioni, baada ya kutwa nzima ya vibali, macho yakitiririka. Aliandika mstari mmoja, akaunakili, akaupunguza, akaunakili tena, akapeleka kwenye mashine. Kesho yake bango likatundikwa ukumbini, refu kuliko mlango, na mstari wake wa juu ulikuwa na herufi kubwa kama sahani za pilau.

Upimaji ukaanza. Sijui kama kuna nchi nyingine iliyowahi kupata matokeo yale. Bwana Mtambalike alifaulu mistari yote kabla hajageuka kuutazama ukuta. Naibu wake alifaulu kwa simu, akiwa safarini. Mpokea simu wa Idara, ambaye ni kipofu tangu utotoni, alisoma kwa sauti nzuri kutoka juu hadi chini, akapongezwa na kupewa barua. Watumishi wa chumba cha Mwajabu, machozi yakiwamiminika, walisimama mmoja mmoja mbele ya ukungu mweupe wakasema: Kiongozi anawaona wote. Mwandishi wa gazeti la serikali aliyekuwepo aliandika kwamba kwa machozi yale alielewa jinsi wananchi wanavyompenda Kiongozi wao.

Ikafika zamu ya Mwajabu. Alisimama kwenye alama, akakodoa, akasogeza kichwa mbele.

"Soma," akasema mpimaji, karani wa Wizara.

"Samahani, mwanangu. Naona ukungu."

"Mstari wa juu basi."

"Hata huo. Naona kitu cheusi kirefu."

Karani aliangalia huku na huku, akainama kumnong'oneza: "Mama, unajua kilichoandikwa. Sema tu."

"Najua kinachoandikwaga," alisema Mwajabu. "Lakini umeniuliza ninachoona."

Hivyo taifa lote likafaulu isipokuwa mtu mmoja. Kwa kuwa taifa lilikuwa na macho mazima na yeye hana, Mwajabu alipewa likizo isiyo na mshahara ili akautafakari uoni wake. Alilia siku hiyo, na kwa bahati mbaya kilio hakikumpunguzia maumivu. Ludovia alimsindikiza hadi getini akiwa amembebea mkoba.

"Si ungesema tu, dada Mwajabu. Sisi wote tumesema."

"Nilitaka wajue yanauma, Ludo. Nikisema naona, watanitibu nini?"

Alikwenda kukaa kwa shangazi yake, huko vilimani. Hakufanya jambo la maana kule. Alipalilia kidogo, alichambua maharage, na saa nyingi alikaa barazani akiangalia ng'ambo ya bonde, ambako jirani mmoja alikuwa akichunga mbuzi. Mwanzoni aliona vidoa vinatembea. Baadaye akaona ni mbuzi. Baadaye akajua yupi ana mabaka na yupi anachechemea, na siku moja alimwambia shangazi yake kwamba mbuzi wa jirani amekula shuka lililoanikwa. Shangazi akasema macho hayo sasa yamepona, yameanza umbeya. Shingo nayo ikalegea. Usingizi ukarudi.

Wakati huo mjini maandalizi yalikuwa yamepamba moto. Serikali ilitangaza Sikukuu ya Macho Mazima, na Mtukufu Kiongozi mwenyewe angefika Idara ya Vibali kuipokea taarifa kwamba katika nchi yake hakuna mtu asiyeona. Hapo ndipo Waziri alipokumbuka kwamba yuko mmoja. Bwana Mtambalike akatumwa vilimani kwa gari la Wizara.

Alimkuta Mwajabu barazani. Alikaribishwa, akapewa chai, akazungumza kwa unyenyekevu uliomshangaza hata yeye.

"Tunakuhitaji, mama. Utapimwa tena, mara hii mbele ya Mtukufu. Ukifaulu unarudi kazini na malimbikizo yako yote."

"Nitafaulu, Mkurugenzi. Macho yangu ni mazima sasa."

"Yawe mazima yasiwe mazima, sentensi ni ileile."

"Naona mbuzi wale pale," Mwajabu alisema kwa furaha, akinyoosha kidole.

Bwana Mtambalike alitazama bonde lote na hakuona mbuzi. Akasema ni wazuri.

Siku ya sikukuu ukumbi ulijaa. Mtukufu Kiongozi alikalia kiti cha enzi kilicholetwa kwa lori, kiti pekee chenye mgongo kilichowahi kuingia katika jengo lile tangu kompyuta zije. Waziri wa Mwangaza alihutubia. Alisema mataifa yaliyoendelea yamejaa miwani, na miwani ni dalili ya taifa lililochoka. Alisema sisi, badala ya kuwapa wananchi miwani, tumewapa cha kutazama. Makofi yalichukua muda, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha. Kisha akaitwa Mwajabu.

Alisimama kwenye alama ileile, akainua uso. Bango lilikuwa wazi kama mchana. Aliziona herufi zote, kingo zake, weusi wake, hata mstari mdogo wa chini kabisa ambao karani mwenyewe hakuwahi kujua kwamba una maandishi. Baadaye alisimulia kwamba furaha ilimjaa kifuani kwanza, kabla ya maana kumfikia.

"Nisome kilichoandikwa?" aliuliza.

"Kilichoandikwa," alisema Waziri akitabasamu. "Usiongeze, usipunguze."

"Kiongozi," alisoma Mwajabu, "anawaonea wote."

Na kwa kuwa alikuwa ameambiwa asipunguze, na macho yalikuwa yanamtii, akaendelea kushuka. Kiongozi anawaonea wote. Kiongozi anawaonea wote. Alipofika wa nne ndipo masikio yake yalipokisikia kinywa chake, akanyamaza.

Ilikuwa herufi moja tu. Ludovia, kwa uchovu wa jioni ile, aliigonga E mahali ambapo haikualikwa, na kwa kunakili ikaenea bango zima. Ilikuwa ukutani wiki zote zile, kubwa kama sahani, na taifa lilipita mbele yake likaimba kaulimbiu na kwenda zake.

Mtukufu Kiongozi aliinama mbele kidogo. "Imeandikwa hivyo?" alimuuliza Waziri.

Hapa nakuomba umhurumie Waziri. Akisema ndivyo, basi aliliona tusi hilo tangu mwanzo akaliacha lining'inie. Akisema sivyo, bango liko pale pale, na Mtukufu ana macho. Waziri alipapasa mfuko wa koti, akaupapasa wa pili.

"Mtukufu," alisema, "nasikitika kukiri kwamba mimi sioni vizuri."

Mtukufu akamgeukia Bwana Mtambalike.

"Mimi hata kidogo, Mtukufu. Ni ukungu mtupu. Tangu mwaka juzi."

Naibu akasema anaona vitu viwiliviwili. Karani aliyepima nchi nzima akasema upande wa kushoto ni giza. Ugonjwa ukashuka kutoka safu ya mbele hadi ya nyuma kwa kasi ambayo tume haikuwahi kuifikiria, na kabla chai haijaandaliwa serikali yote ilikuwa imepofuka. Mtukufu mwenyewe alilikodolea bango kwa muda. Alikuwa amekuja bila miwani yake, maana miwani yake ni siri ya dola, na ili asome ingebidi ainuke akasogee ukutani mbele ya watu. Hakuinuka kusogea. Aliinuka kuondoka.

Aliyekamatwa ni Mwajabu, na mantiki yake haina kasoro. Katika jamhuri nzima ni yeye peke yake aliyethibitika kuyaona maneno yale.

Alishtakiwa kwa kuudhi cheo. Siku ya pili Ludovia alimpelekea mahabusu chapati na chai kwenye chupa. Askari alipowaacha kidogo, binti akasogea karibu.

"Ni mimi, dada. Mimi ndiye nililichapa lile bango. Nilikuwa naona herufi mbilimbili, sikujua ipi ya kweli. Nakwenda kujisalimisha."

"Kuna mtu amekuuliza nani alilichapa?"

"Hakuna."

"Umejiuliza kwa nini?"

Ludovia akatikisa kichwa.

"Kwa sababu akiuliza nani ameandika, amekubali kwamba imeandikwa," alisema Mwajabu. Alikuwa na hofu, lakini usingizi wa vilimani ulikuwa bado haujamwisha kichwani na aliweza kufikiri. "Ukijisalimisha, tutalala humu wawili. Mtoto wako atanyonya kwa nani? Nenda nyumbani. Na kesho usikae karibu na skrini ile ya pembeni, inachoma zaidi."

Mahakamani bango lililetwa kama kielelezo, likibebwa na askari wanne waliotazama upande wa pili. Mwendesha mashtaka alikuwa mtu wa maneno mengi, amevaa miwani mipya minene. Nilisahau kukuambia kwamba wiki ile nchi nzima ya wakubwa ilikuwa imevaa miwani, mingine ikiwa na vioo vya dirishani tu, ili isije ikasemwa kwamba waliona.

"Mshtakiwa alitamka neno," alisema mwendesha mashtaka.

"Neno gani?" aliuliza hakimu, mwanamke mzee aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu.

"Neno lisilotamkika, Mheshimiwa."

"Lakini yeye alilitamka."

"Ndilo kosa lenyewe."

"Basi litamke wewe, mahakama ilisikie."

Mwendesha mashtaka aligeuka nyuma. Katika mstari wa mbele walikaa watu wawili waliovaa makoti siku ya joto, na hakuna aliyewaalika. Akasema hana idhini ya kulitamka. Mashahidi wakaitwa. Waziri akasema siku ile masikio nayo yalimsumbua. Bwana Mtambalike akasema yeye aliona midomo ya mshtakiwa ikicheza, kisha akakumbuka kwamba haoni, akaifuta kauli.

Hakimu alichoka. "Hebu tufanye hivi," alisema. "Kielelezo ni chenu. Mwendesha mashtaka, tusomee kielelezo chenu."

Mwendesha mashtaka alisogea hadi pua ikakaribia kugusa karatasi. Alilitazama bango, akawatazama wale wa makoti, akalitazama tena.

"Kiongozi," alisoma kwa sauti ndogo, "anawaona wote."

"Sema kwa nguvu."

"Kiongozi anawaona wote."

"Ndivyo kilivyoandikwa?"

"Ndivyo, Mheshimiwa."

Hakimu akamgeukia Mwajabu. "Na wewe, mama, siku ile ulisoma nini?"

Mwajabu alishika ukingo wa kizimba. "Nilisoma kilichoandikwa, Mheshimiwa. Na kilichoandikwa, bwana huyu ameshakisoma."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Hakimu aliandika kwa kalamu, akasema mahakama haioni kosa, na kwa kuwa siku zile kila mtu alikuwa haoni, hakuna aliyekata rufaa. Bango likarudishwa ukumbini, maana kuliondoa kungekuwa kupinga hukumu. Mshauri mmoja wa Ikulu alipendekeza neno HURUMA liongezwe mwishoni, ili Kiongozi awe anawaonea wote huruma. Wazo lilikuwa zuri. Wakamuuliza ni kwa nini anadhani linahitajika, na tangu hapo hajaonekana ofisini.

Mwajabu alirejea kazini Jumatatu. Alikuta benchi lilelile na skrini ileile. Mashemeji walikuwa wamepatana, viti vilikuwa vimekuja, na vyote vilikuwa ghorofa ya juu kwa wakubwa, ambao sasa walikuwa wagonjwa. Malimbikizo yake yalikuwa yanashughulikiwa. Alifungua kompyuta, akafanya kazi vizuri, na mchana kabla ya chakula akasikia macho yameanza kuwasha.

Hakwenda kwa Mkurugenzi. Aliinuka, akashuka ngazi, akatoka uani, akasimama kwenye jua akaangalia vile vilima alikotoka.

Ludovia alimfuata. Kisha akaja wa benchi la nyuma akishika kiuno, kisha wengine, wakinyoosha vidole na kuzungusha shingo. Mwishowe alishuka hata Bwana Mtambalike kuja kuwarudisha ndani. Alifika katikati yao, akavua miwani yake ya vioo vya dirishani, akaipangusa, na hakuivaa tena.

"Unaona mbuzi wale?" Mwajabu alimuuliza.

Alikaza macho kuelekea vilimani. "Yule mmoja anachechemea," alisema.

Askari wa getini akaandika taarifa, kama anavyotakiwa. Nimesikia inasomeka kwamba mchana huo watumishi wote wa Idara ya Vibali walionekana uani wakiangalia mbali bila kibali, na kwamba uchunguzi unaendelea kubaini walikuwa wanaona nini.